Nilisoma vyanzo 11, nikapata 42

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuo kikuu, nasoma historia. Nakuandikia nikiwa nimekata tamaa. Sekondari insha zangu zilikuwa zikisomwa mbele ya darasa, kwa hiyo nilipokuja chuo niliogopa mambo mengi lakini si insha. Wiki iliyopita tumerudishiwa kazi ya kwanza ya muhula. Nimepata 42 kwa 100.

Swali lilikuwa hili: "Bila makaa ya mawe pasingekuwa na Mapinduzi ya Viwanda nchini Uingereza. Jadili kauli hii kwa maneno yasiyozidi 2,000." Nilishinda maktaba wiki tatu. Nikasoma vitabu na makala 11, nikajaza daftari zima. Rasimu ya kwanza ilifika maneno 3,400, nikaipunguza kwa uchungu mpaka ikaenea kwenye 2,000. Sikunakili kwa mtu, na tarehe zote nilizihakiki. Lakini mhadhiri ameandika mwishoni: "Umeeleza, hujajadili. Hoja yako ni ipi?" Na pembeni mwa aya ya tatu ameuliza tu, "Kwa hiyo?"

Aya yenyewe ni hii: "Mwaka 1712 Thomas Newcomen alitengeneza injini ya mvuke. Mwaka 1769 James Watt alipata hataza ya kuiboresha. Mwaka huohuo Richard Arkwright alipata hataza ya mashine ya kusokota nyuzi. Pia mwaka 1771 alijenga kiwanda Cromford. Vilevile mwaka 1830 ilifunguliwa reli ya kutoka Liverpool hadi Manchester." Kuna kosa gani hapo?

Utangulizi wangu ulianza hivi: "Tangu zamani za kale binadamu amekuwa akitumia nishati za aina mbalimbali. Mapinduzi ya Viwanda ni tukio muhimu sana katika historia ya dunia. Katika insha hii nitaeleza maana ya Mapinduzi ya Viwanda, historia ya makaa ya mawe, uvumbuzi wa mashine, na mwisho nitatoa hitimisho." Nilikuwa pia na aya nzuri inayoonyesha kwamba China walichimba makaa ya mawe karne nyingi kabla ya hapo na hawakupata mapinduzi. Niliipenda kuliko zote, na yenyewe imechorewa alama ya kuuliza.

Rafiki yangu mmoja ananiambia lugha yangu ni nyepesi, nitumie maneno mazito. Mwingine anasema nisijitese, niipe swali programu ya akili mnemba iandike, halafu mimi nibadilishe maneno hapa na pale. Sisi tuliopata chini ya 50 tumeruhusiwa kurudia, na nina siku 10. Kueleza na kujadili vinatofautianaje? Aya nizipange vipi? Utangulizi uweje? Na je, nimfuate mhadhiri ofisini, au ataona sijui kitu?

Wako,
Mwenye 42

*

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma aya yako ya tatu pole pole, mara mbili. Tarehe zote ni sahihi na majina ni sahihi. Nalisema hili kwanza kwa sababu mtu akipata 42 huanza kushuku kila kitu, hata kile alichokifanya vizuri. Usomaji wako upo na uaminifu wako upo. Kilichokosekana ni kimoja, na ni kitu kinachofundishika ndani ya siku 10.

Tazama tena swali la mhadhiri: "Kwa hiyo?" Hajakuambia umekosea. Amekuuliza, baada ya kujua hayo yote kuhusu Newcomen, Watt na Arkwright, unataka akubaliane na jambo gani? Aya yako inahusu uvumbuzi, lakini haidai chochote kuhusu uvumbuzi huo. Ukiielewa vizuri tofauti ya vitenzi hivi viwili, kuhusu na kudai, utakuwa umeshaelewa tofauti ya kueleza na kujadili. Anayeeleza husema mambo yalivyokuwa. Anayejadili husema, "Mimi nashikilia hivi, na sababu zangu ni hizi," kisha anamwachia msomaji apime. Sekondari ulisifiwa kwa kujua mambo na kuyasema kwa lugha nzuri, na ulistahili. Chuo kikuu kujua mambo ni mahali pa kuanzia. Alama zinatolewa kwa kile unachokifanya nayo.

Neno lenyewe insha tumelipata kutoka Kiarabu, na huko limetokana na kitenzi cha kuunda, kuanzisha kitu kisimame. Nimewahi kuwaambia wanafunzi hivyo na nikaona nyuso zikibadilika, maana wengi huchukulia insha kama chombo cha kumwagia kile walichosoma mpaka kijae. Ndivyo ulivyofika maneno 3,400.

Turudi kwenye swali, kwa sababu naamini alama nyingi ulizipoteza hapo kabla hujaandika hata mstari mmoja. Swali halikusema "eleza nafasi ya makaa ya mawe katika Mapinduzi ya Viwanda." Lilikupa kauli ya mtu na kukuambia uijadili, maana yake uipime kama inasimama, inasimama wapi na inaanguka wapi. Na ndani ya kauli kuna neno dogo linalobeba mzigo wote: bila. Kusema "bila makaa pasingekuwa na mapinduzi" ni kusema makaa yalikuwa ya lazima. Si sawa na kusema makaa peke yake yalitosha kuleta mapinduzi.

Sasa iangalie aya yako ya China. Inaonyesha kwamba nchi inaweza kuwa na makaa ya mawe na isipate mapinduzi. Ni kweli, na ni hoja nzuri dhidi ya mtu anayedai makaa yalitosha. Lakini aliyeandika kauli hii hakudai hivyo. Mvua ni ya lazima kwa mmea. Ukinionyesha mahali mvua iliponyesha na mmea usiote, hujanipinga. Aya yako ilijibu swali ambalo hakuna aliyeuliza, ndiyo maana imepata alama ya kuuliza. Iondoe. Najua inauma kwa sababu uliipenda, ila insha ya maneno 2,000 haina nafasi ya aya inayopendwa bila kufanya kazi.

Kila unapopewa swali, liandike juu ya karatasi kwa mkono wako, upigie mstari kitenzi cha amri na yale maneno mafupi yanayobana maana: bila, tu, hasa, kwa kiasi gani, zaidi ya. Fafanua inataka maana na mifano. Linganisha inataka vitu viwili viwekwe kwenye mizani moja, si nusu ya insha kwa hiki na nusu kwa kile. Tathmini inataka hukumu yenye vigezo. Jadili inataka pande zaidi ya moja zisikike, halafu wewe uoneshe umesimama wapi.

Ukishalielewa swali, jibu. Namaanisha hivyo hasa: kabla ya mpango wa insha, kabla ya utangulizi, andika jibu lako kwa sentensi moja au mbili. Hiyo ndiyo hoja kuu ambayo mhadhiri anaitafuta. Kipimo changu ni hiki: je, kuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kukataa? "Makaa ya mawe yalikuwa muhimu sana" hakuna atakayekataa, kwa hiyo hapo hujadai kitu. Hebu tujaribu kwa kutumia yale uliyonayo daftarini: "Kauli hii ni kweli kuhusu kuenea kwa Mapinduzi ya Viwanda lakini si kweli kuhusu kuanza kwake: viwanda vya kwanza vya pamba vilisimama bila makaa ya mawe, ingawa bila hayo visingefika mbali." Hapo mtu anaweza kubisha. Anaweza kukuambia, "Na chuma je?" Akishabisha, una la kujadili.

Hiyo sentensi si lazima iwe yako. Ukiona ushahidi unakupeleka kwingine, nenda huko. Ila iandike, uibandike mbele ya meza yako, na kila aya uiulize inaisaidia vipi.

Sasa tuiandike upya aya ya tatu, uone kinachobadilika. Nimetumia mambo yako yaleyale na kuongeza mawili, kutoka kwenye historia ya mashine hizo ambayo naamini umeipitia:

"Viwanda vya kwanza vya kusokota pamba havikutegemea makaa ya mawe. Kiwanda alichojenga Arkwright huko Cromford mwaka 1771 kiliendeshwa kwa nguvu ya maji. Wakati huo injini za mvuke zilikuwa zikifanya hasa kazi ya kusukuma maji migodini, na ilikuwa mpaka miaka ya 1780 ndipo Watt alipotoa injini iliyoweza kuzungusha mitambo ya kiwandani. Maana yake, mashine kukusanywa chini ya paa moja na wafanyakazi kuzifuata huko kulitangulia mvuke kuingia viwandani. Kama kuanza kwa mapinduzi kunapimwa kwa kuzaliwa kwa kiwanda cha namna hii, basi yalianza kwa maji."

Sentensi ya kwanza inadai. Mbili zinazofuata zinaleta ushahidi, na hapo ndipo unapoonyesha chanzo chako na ukurasa. Ya nne inasema ushahidi huo una maana gani. Ya mwisho inaurudisha kwenye swali. Newcomen hayupo tena kwenye aya hii, wala reli ya 1830. Si kwamba havina maana, bali vina aya zao. Reli ni ushahidi wa kuenea. Injini ya Newcomen ni ushahidi wa jambo jingine kabisa: ilikula makaa mengi mno kiasi kwamba ilikuwa na faida hasa pale mgodini, ambako makaa yalikuwa rahisi kupatikana. Injini hiyo ilikulia kwenye makaa. Hilo linaisaidia kauli uliyopewa, na linastahili kusemwa kwa sauti yake lenyewe, si kufichwa kwenye orodha ya tarehe.

Usiichukue aya hii kama kielelezo cha kunakili sentensi kwa sentensi. Kuna aya zitakazohitaji ushahidi mwingi na maelezo kidogo, na nyingine ushahidi mmoja unaochambuliwa kwa kina. Kisichobadilika ni kwamba msomaji asifike mwisho wa aya akabaki anauliza "Kwa hiyo?"

Kuhusu mpangilio, nitakupa zoezi ninalowapa wanafunzi wangu wote, na sijaona bado linaloshinda. Chukua insha yako iliyorudishwa na karatasi tupu. Pitia aya moja moja, na kwa kila moja andika sentensi moja inayosema aya inadai nini. Nakukumbusha, si inahusu nini. Ukijikuta unaandika "hii ni kuhusu historia ya migodi", weka alama ya nyota, hiyo ni aya ya kueleza. Ukikuta madai mawili kwenye aya moja, igawe. Ukikuta aya mbili zenye dai moja, ziunganishe. Mwisho utakuwa na karatasi yenye sentensi kama kumi. Zisome mfululizo kwa sauti. Insha iliyopangika itasikika kama mtu anayezungumza na kusogea mbele. Isiyopangika itasikika kama orodha.

Halafu jaribu kubadilisha nafasi ya aya ya tatu na ya tano. Kama hakuna kinachoharibika, ujue aya zako zimekaa pamoja tu, hazijashikana. Viunganishi vyako vinakusaliti pia. Katika aya ile fupi kuna "pia" na "vilevile", na nina hakika kurasa zilizobaki zina "aidha" na "zaidi ya hayo". Maneno hayo yanaongeza kitu juu ya kitu. Hoja hutembea kwa "hata hivyo", "kwa sababu hiyo", "ijapokuwa", "ndiyo maana", "isipokuwa". Lakini usiyapachike tu kama viraka. Ukiona huwezi kuweka "hata hivyo" mwanzoni mwa aya bila kusema uongo, tatizo liko kwenye mpango, si kwenye neno.

Kwa insha yako mimi ningepita njia hii. Ningeanza na pamba na maji, kwa sababu ndipo kauli inapoonekana dhaifu. Kisha ningemkaribisha mpinzani wangu mwenye nguvu kuliko wote, na huyo ni chuma. Mwaka 1709 Abraham Darby alianza kuyeyusha chuma huko Coalbrookdale kwa makaa ya mawe yaliyochomwa kwanza kuondolewa uchafu, badala ya mkaa wa miti. Hiyo ni miaka 62 kabla ya Cromford! Mtu atasema: unaonaje sasa, makaa yalikuwepo tangu mwanzo. Usiikwepe aya hii. Ipe nguvu zake zote, uiandike kana kwamba unaiamini, kisha ujibu: njia ya Darby ilichukua miongo kadhaa kuenea, na mashine za mwanzo za Arkwright fremu zake zilikuwa za mbao. Huenda jibu lako likatosha. Huenda ukaona halitoshi, ukalazimika kurudi kwenye hoja kuu na kuongeza "katika sekta ya pamba". Hapo utakuwa umejadili kwelikweli, na msahihishaji anaiona. Mwanafunzi anayeweka pingamizi dhaifu ili aliangushe kwa urahisi hanidanganyi, wala hatamdanganya mhadhiri wako. Baada ya chuma ningeingia kwenye injini za migodini, kisha mipaka ya maji: maporomoko yako pale yalipo, hayahamishiki mjini, na kina chake kinafuata msimu. Ndipo mvuke, makaa na ile reli ya 1830 vinapopata nafasi yao.

Umeona ni madai manne tu. Kwa maneno 2,000, ukitenga 200 kwa utangulizi na 200 kwa hitimisho, unabaki na 1,600. Hizo ni aya nane au tisa za kushiba, yaani kila dai aya mbili hivi. Vyanzo 11 haviwezi vyote kuingia kwa usawa, na si lazima. Vingine vilikusaidia kuelewa, na kazi yao imeishia hapo.

Utangulizi uandike mwisho, ukishajua ulichosema. Futa "tangu zamani za kale". Sentensi hiyo ingekaa mwanzoni mwa insha ya jambo lolote lile duniani, na ndiyo maana haisemi kitu kuhusu hii. Futa pia ile ratiba ya "nitaeleza maana, kisha historia, kisha uvumbuzi". Inamwambia msomaji utapita vituo gani bila kumwambia unakwenda wapi. Utangulizi mzuri unaonyesha kuna mgogoro gani kwenye swali, unabainisha neno lenye utata (kwako wewe ni "mapinduzi": unayapima kwa kuzaliwa kwa kiwanda au kwa kubadilika kwa nchi nzima?), kisha unatoa jibu lako waziwazi. Usimfiche msomaji jibu ili umshtue mwishoni. Mimi nikisahihisha husoma utangulizi, nikaruka hadi hitimisho, ndipo nikarudi katikati, na ninajua wenzangu kadhaa wanaofanya hivyohivyo. Vipande hivyo viwili vikizungumza lugha moja, nasoma katikati nikiwa na imani. Hitimisho nalo lisirudie utangulizi neno kwa neno. Useme sasa tunajua nini ambacho mwanzoni kilikuwa dai tu, na jibu lako lina mipaka gani.

Kuhusu marejeo nina machache. Kila chuo na kila idara ina mtindo wake, APA, MLA, Chicago, Harvard au mwingine, kwa hiyo fuata mwongozo wa idara yako mpaka kwenye nukta na mkato. Jambo linalowaumiza wanafunzi waaminifu ni lile la kudhani marejeo yanahitajika kwa nukuu za moja kwa moja tu. Ukichukua wazo la mtu na kulisema kwa maneno yako, bado ni wazo lake, mtaje. Kinga yake inaanzia kwenye daftari: andika chanzo na ukurasa palepale unapoandika kumbukumbu, na maneno ya mwandishi yatie alama za nukuu hata kwenye daftari lako mwenyewe. Baada ya wiki tatu hutakumbuka sentensi ipi ilikuwa yako.

Rafiki yako wa kwanza hana kosa la nia, ila mwongozo wake utakuumiza. Lugha yako si nyepesi. Ni wazi, na uwazi ndio tunaouhangaikia wengine miaka na miaka. Maneno ya taaluma yatumie pale yanapokupa usahihi ambao neno la kawaida halina. Zaidi ya hapo yanafunika. Nimesoma insha ambazo nililazimika kuzifasiri kwanza ndipo nigundue hazikuwa na dai. Na kuhusu kuandika "mimi" au "nadai kwamba", kuna fani zinazokubali na nyingine hazipendi. Uliza kwenu.

Kwa rafiki wa pili nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu nakujali. Kuipa programu swali ikuandikie, kisha ukabadilisha maneno, ni kuwasilisha kazi isiyo yako, na vyuo vingi vinaliadhibu hilo sawa na wizi wa maandishi. Programu hizo pia huwa zinabuni vyanzo: jina la mwandishi linapendeza, kichwa cha kitabu kinapendeza, na kitabu chenyewe hakipo. Lakini hata kama isingekosea wala usingekamatwa, ingekunyang'anya kitu kimoja ulichokuja kukitafuta. Ile nusu saa utakayokaa ukijiuliza kama chuma cha Darby kinaivunja hoja yako ndiyo elimu yenyewe. Kama kanuni za chuo chako zinaruhusu kuitumia kukagua tahajia au kukuuliza maswali, zisome kanuni hizo kwanza, ufuate zinavyosema.

Siku zako 10 usizigawe sawasawa. Leo na kesho fanya lile zoezi la karatasi tupu, na uandike jibu la sentensi moja au mbili. Siku tatu zifuatazo rudi kwenye daftari, si maktaba. Una vya kutosha, utahitaji labda kurasa chache za kuhakiki mambo ya chuma. Siku mbili andika rasimu bila kusimama kurekebisha. Siku moja usiiguse kabisa. Zilizobaki, rudia zoezi la karatasi kwa rasimu mpya, andika utangulizi, hakiki marejeo, na usome insha nzima kwa sauti. Ulimi utakwama pale sentensi ilipokwama.

Na ndiyo, mfuate mhadhiri. Aliyeandika "Kwa hiyo?" pembeni mwa aya alikuwa ameisoma hiyo aya kwa makini, na mtu wa namna hiyo hakasiriki akigongewa mlango. Usiende kuuliza kwa nini umepata 42, wala usimpelekee insha nzima aisome tena mbele yako. Nenda siku ya tatu, ukiwa na karatasi moja: jibu lako juu, na chini yake sentensi nne za madai kwa mpangilio. Mwambie, "Nimeona kwamba mara ya kwanza nilieleza tu. Hili ndilo ninalotaka kudai sasa. Naomba uniambie ni lipi kati ya haya manne unaliona dhaifu." Ataweka kidole kwenye moja, na huenda likawa lile la chuma. Andika anachosema kwa maneno yake, ushukuru, urudi mezani uanze na hilo.